Ralanti ya Papa na Kisu cha Mama

Asubuhi za baridi kule Katuba zilikuwa na harufu mbili: makala mabichi yanayogoma kushika moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na petroli isiyoungua vizuri. Hata leo, harufu hizo mbili zikikutana puani mwangu, nasimama kama mtu aliyeitwa jina na mama yake. Naiona teksi ya papa katikati ya ua, imelowa umande, mlango mmoja una rangi yake na mwingine una rangi ya gari jingine lililokufa zamani. Naona moshi mweupe ukitoka nyuma na kutambaa chini ya kamba ya nguo, na kuku wakiukimbia kisha wakiurudia kwa sababu una joto. Juu ya hayo yote naisikia moteri ikijiendesha peke yake, hakuna mguu wa mtu kwenye kanyagio: tuku, tuku, tuku, kama mtu mzima anayetembea baada ya kula, asiye na haraka. Mwendo huo wa moteri, wakati gari limesimama na dereva hakanyagi chochote, sisi watu wa Lubumbashi tunauita ralanti. Papa alisema ralanti ni pumzi ya gari. Mtu anaweza kuvaa suti na viatu vya kung'aa, alisema, lakini msikilize anavyopumua akiwa amelala, ndipo utajua kama ni mzima.

Niseme mimi ni nani, maana sitaki mtu asome maneno haya akidhani yameandikwa na mwalimu. Shule niliiacha mwaka wa nne wa msingi. Mengine yote nilijifunza kwenye vituo vya teksi na chini ya magari, kwa mikono yangu na kwa masikio yangu. Leo nina mabasi madogo yangu mwenyewe yanayobeba watu kutoka Katuba hadi mjini, madereva nawaajiri mimi, na fundi akinidanganya namwambia palepale kwamba anadanganya. Sikupewa na mume, sikurithi kwa mjomba. Kwa hiyo mniamini nikisema najua mambo mengi. Lakini kuna msimu mmoja wa utoto wangu ambao nimeugeuza na kuugeuza kichwani kama mtu anavyogeuza visi, yaani skrubu, isiyoshika, na mpaka leo sijui umekaa upande gani. Nauandika hivyohivyo, pamoja na kutojua kwangu. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi naongeza kwamba kuna mambo unayoyaona mchana kweupe, jua likiwa juu ya kichwa, na giza likabaki palepale.

Lazima kwanza mwelewe jambo la betri. Teksi ya papa ilikuwa na betri, lakini betri ile ilikaa pale kama mzee wa ukoo aliyepooza: anahesabiwa, hafanyi kazi. Asubuhi mama na sisi watoto, pamoja na jirani yeyote aliyepita kwa bahati mbaya, tuliisukuma teksi kutoka uani mpaka kwenye barabara inayoteremka, papa akiwa ndani, hadi moteri ikohoe na kushika. Akiirudisha uani, alivuta kifungo cha kusaidia moteri yenye baridi, akaiacha ingurume ipate joto, na yeye akaenda kuoga. Tangu hapo haikuzimwa mpaka jioni. Papa akishuka kununua sigara, inanguruma. Akiingia kwa kinyozi, inanguruma. Tulipokwenda kumzika jirani yetu, teksi ilikuwa nje ya makaburi ikinguruma, na padri akapandisha sauti. Madereva wengi wa wakati ule waliishi hivyo na hakuna aliyeshangaa. Ndiyo maana ralanti kwetu ilikuwa neno la nyumbani, kama unga au chumvi. Ikiwa juu mno, petroli inaliwa bure. Ikiwa chini mno, moteri inakufa dereva akigeuza tu mgongo, na hakuna ufunguo utakaoiamsha, ni mpaka watu waje kusukuma. Na watu wakija kusukuma, wanaona ulikuwa umesimama mlango gani.

Msimu ninaousema, papa alianza kuchelewa kurudi. Alisema anapita Kenya, ile komini ya jirani, humuhumu mjini, yenye soko kubwa, kunywa munkoyo. Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na mwenye kuutengeneza vizuri alikuwepo hata nyuma ya nyumba yetu, lakini papa alisema ule wa Kenya una ladha nyingine. Mama hakubisha. Alichukua kitenge chake cha kijani, akaweka nguo zake ndani, akafunga mafundo mawili, akaliweka furushi kando ya mlango, mahali ambapo papa asingeweza kuingia wala kutoka bila kuliona. Kwao mama ni Sakania, na treni ya Sakania ilikuwa bado inapita. Lakini furushi halikusogea. Mama alifagia pembeni yake, akaweka maji pembeni yake, akatupikia bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wa ndakala kama kawaida. Sikujua kama anangoja kitu au anakusanya nguvu. Nilichojua ni kwamba siku furushi lile litakapoondoka, mama ataondoka nalo, na mimi mtoto wa kwanza nitabaki na mbabula na wadogo zangu. Nililiangalia kila asubuhi kabla ya kumwangalia mtu yeyote.

Na msimu uleule teksi ikaanza kufa. Barabarani ilikwenda vizuri, kilimani ilipanda, lakini papa akishuka na kuiacha peke yake mbele ya mlango fulani kule Kenya, ralanti ilishuka, ikatetemeka, ikakata. Kichwa changu cha mtoto kilifunga mambo hayo mawili pamoja, furushi na teksi, bila kujua kwa nini. Niliamini kwamba teksi ikipona, mama atafungua furushi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, na kuanzia hapo nikawa nasikiliza moteri ile kuliko nilivyomsikiliza katekista.

Jumamosi moja papa alinichukua kwenda soko la Kenya kununua unga, nikakaa mbele kama bibi mkubwa. Wakati wa kurudi alisimama mbele ya uzio wa mabati uliopakwa rangi ya bluu, penye kiti kirefu na ndoo zilizofunikwa kwa sahani. "Ngoja hapa, nasalimia tu," akasema. Hakufika hata mlangoni. Tuku, tuku, tu, halafu kimya. Kimya cha moteri iliyokufa ni tofauti na kimya kingine, kinafanya hata mbwa ageuke. Papa alirudi akazungusha ufunguo, na betri ikatoa sauti ya mtu anayemeza mate. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye kona wakasimama polepole huku wakijipangusa vumbi, kama watu wanaoitwa kazini.

"Papa, imelala tena?" mmoja akauliza.

"Haiko kulala," mwenzake akamjibu. "Imefika kwake. Motokari nayo inajua nyumba ya bwana yake."

"Papa, utuandike kazi basi. Kusukuma gani iyi ya kila siku?"

Papa alicheka cheko la meno matupu. Mlango wa bluu ukafunguka, akatoka mwanamke mnene wa sauti ya chini, kikombe mkononi. Ndiye Mama Sidoni, muuza munkoyo, ambaye jina lake kwetu halikutajwa, lilikoholewa tu. "Papa Ngoie," akasema, "iyi motokari yako inapenda mulango yangu kuliko weye mwenyewe." Kisha akaniona. Kicheko chake kilikatika kama ralanti ile ile. "Njo mutoto yako wa kwanza huyu?"

"Njo yeye," papa akakubali.

Aliniangalia sana. Alipangusa mikono kwenye kitenge chake, akanipa kile kikombe. Munkoyo ulikuwa baridi na mtamu, na mimi nilikuwa na kiu, nikaunywa wote. Halafu Mama Sidoni akazunguka nyuma ya teksi, akaweka bega lake kati ya mabega ya wale vijana, akasukuma kuwazidi wote. Moteri iliposhika niligeuka nikamwona amesimama ndani ya moshi wetu, akikung'uta viganja. Ndiye mtu niliyekuwa nimejiandaa kumchukia. Nilijiuliza njia nzima: mtu anayetaka kukunyang'anya baba, atakusukumaje urudi naye nyumbani? Unga ulikuwa umenimwagikia miguuni.

Habari ilikuwa imetutangulia, maana Katuba na Kenya zinapakana na midomo haihitaji barabara. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa. "Munkoyo ilikuwa tamu?" akaniuliza.

"Ilikuwa tamu."

"Njo vile," akasema, akaendelea kutwanga.

Papa alimwita fundi, Papa Mutombo, jirani yetu Mkasai, mtu mfupi aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka na aliyeongea na moteri kwa heshima kuliko alivyoongea na watu. Alisafisha plagi, akapuliza karibirateri, kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa, kwa mdomo wake, akainama na turnevisi, bisibisi yake, akapandisha, akateremsha, akapandisha tena. Alipomaliza aliomba kikombe cha maji. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: unaweka kikombe cha bati kilichojaa maji juu ya moteri inayonguruma. Maji yakiruka, ralanti ni mbaya. Maji yakitetemeka kidogo tu katikati, kama ngozi ya mtu aliyeguswa na baridi, ralanti imekaa. Maji yakatulia. "Papa Ngoie," akasema, "moteri yako ni muzima kuliko weye. Angalia maji." Tuliangalia maji. Mimi niliangalia maji, kisha nikaangalia furushi.

Siku iliyofuata teksi ikafa Kenya. Papa Mutombo alirudi amekasirika kama mtu aliyetukanwa, akafungua kapo, kile kifuniko cha moteri, akasikiliza, akasema, "Mi niliacha visi hapa. Nakuta iko kule. Nani amegusa?"

"Nani atagusa?" papa akamjibu. "Batoto banaogopa hata kupanguza kioo."

Akarekebisha tena, maji yakatulia tena, na teksi ikafa tena. Hapo kila mtu akawa na elimu yake. Mmoja alisema petroli inachanganywa na maji. Mwingine alisema ni vumbi la msimu wa kiangazi linaloziba hewa. Kaka yake papa, Baba Mukubwa, aliyekuja kutoka Mitwaba kutusalimu akakaa mpaka tukasahau alikuja lini, alisema sisi sote tunapoteza muda. "Kintu inayoharibika mahali pamoja tu, iyo haiko visi," akasema huku akivuta tumbaku yake. "Iyo ni muntu." Alimaanisha dawa. Alimaanisha kwamba yule wa Kenya amezika kitu mlangoni kwake ili papa asiondoke. Mimi nilikumbuka bega lake nyuma ya teksi, nikachanganyikiwa zaidi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mimi nilikuwa nasikiliza za watu wote na zangu zikanyonyoka.

Leo naweza kueleza sehemu moja, kwa sababu ni kazi yangu. Dereva akiwa kwenye usukani, hata akisimama, mguu wake uko karibu na kanyagio. Akisikia moteri inalegea anaigusa kidogo, nayo haifi. Ralanti inahitajika pale tu unapoiacha gari peke yake. Na msimu ule kulikuwa na mahali pamoja ambapo papa aliiacha teksi muda wa kutosha kufa. Hakukuwa na dawa. Teksi haikuchagua mlango, papa ndiye aliyeuchagua. Lakini hiyo inaeleza kwa nini ilikufa pale. Haielezi nani alikuwa anaigusa.

Hilo la pili nililiona kwa macho yangu. Asubuhi moja tulikuwa tumeshasukuma, papa yuko bafuni nyuma ya nyumba, namsikia akijimwagia maji na kupiga kelele za baridi. Moteri inapata joto. Nilitoka na majivu ya mbabula nikamkuta mama amefungua kapo. Alikuwa ameinama ndani na kisu cha jikoni, kile kisu chake chembamba cha kukatia kitunguu, na uso wake ulikuwa karibu na moteri kana kwamba anamnong'onezea mgonjwa. Aligeuza mkono kidogo, akasikiliza. Akageuza tena kidogo. Akafunga kapo kwa viganja viwili, polepole, isitoe sauti. Aliponiona hakushtuka. "Mwaga majivu mbali, bisingie mu maji," akasema. Nami nikamwaga mbali. Sikuona ubaya wowote. Nilifurahi hata, nikajiambia: kumbe mama naye anaitibu. Watu watatu wanaitibu teksi moja, itakosaje kupona?

Jumapili baada ya misa Papa Mutombo alikuja kwa mara ambayo alisema ndiyo ya mwisho. Kapo lilikuwa wazi, moteri inanguruma, papa ameshika kikombe cha maji kama mtumishi wa altare, Baba Mukubwa yuko kwenye benchi. Mama alikuwa karibu na mbabula akikata vitunguu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya watu wazima, natazama turnevisi ya fundi, ile yenye mshiko wa mbao, ikitafuta visi kule chini. Nikauliza nilichotaka kujua. "Papa Mutombo, juu ya nini weye unatumia turnevisi? Mama anatumia kisu."

Nadhani hata kuku walisimama. Moteri tu ndiyo iliyoendelea. Baba Mukubwa alitoa tumbaku mdomoni. "Si nilisema ni muntu," akasema.

Papa aliweka kikombe chini. Alikwenda mpaka kwa mama akanyoosha mkono, na mama akampa kisu, mshiko ukiwa mbele, kama unavyompa mgeni. Ncha yake ilikuwa imelika na imepinda kidogo, ina weusi wa grisi. Papa alikileta kwenye moteri, akampa Papa Mutombo, naye akakiingiza chini taratibu. "Inaingia," akasema. Kisha akainama zaidi, akaangalia vizuri, uso wake ukabadilika. "Lakini, Papa Ngoie, amekamata iyi ndogo. Iyi haiko ile ya—"

"Wacha," papa akasema.

"Nasema tu, muntu anayetaka kuzima hakamati—"

"Mutombo, wacha."

Wanaume wale wawili waliangaliana juu ya moteri. Mimi niliangalia mlango. Nilikuwa nahesabu hatua za mama mpaka kwenye furushi, na nilikuwa nimeshaamua nitashika kitenge kile kwa meno kama itabidi. Papa hakuwa mpole siku zote, sitamsafisha hapa kwa sababu amekufa. Mkono wake tuliujua.

"Mama Ngoie," akaita. "Kuya hapa."

Mama alikuja, akijipangusa vidole, kichwa juu. Machozi ya vitunguu yalikuwa bado mashavuni mwake. Papa alichukua turnevisi kwa fundi akamnyooshea. "Weka weye."

"Mi siko mekanisie."

"Na kisu iyi ni ya mekanisie?"

Baba Mukubwa akacheka peke yake, akaacha. Mama aliichukua turnevisi. Papa akamwonyesha kwa kidole: visi hii, kisha hii, taratibu, na kikombe akakiweka juu ya moteri. Mama aliinama. Alipogeuza, moteri ilizama mpaka nikadhani imekufa, na papa hakunyoosha mkono kumzuia. Akageuza upande wa pili, ikapanda, ikalia kama mtoto. Akarudisha. Maji yaliruka, yakazunguka, yakaanza kutulia.

"Ikifika utasema weye mwenyewe," papa akamwambia.

Mama alisikiliza. Macho yake hayakuwa kwenye maji, yalikuwa kwa papa. "Imefika," akasema.

"Imefika?"

"Imefika."

Papa akafunga kapo. Hakuna aliyeomba msamaha, hakuna aliyelia, na vitunguu viliungua. Furushi lilibaki mlangoni siku hiyo, na siku nyingine baada yake, mpaka nikazoea kutolitazama. Halafu siku moja ya kufua nikaona kitenge cha kijani kwenye kamba, kitupu, kinadondosha maji, na kuku wamekaa chini yake.

Tangu hapo kurekebisha ralanti kukawa kazi ya mama. Baada ya kusukuma, kabla papa hajaondoka, mama aliinama na turnevisi na mimi nilishika kikombe. Nilijifunza kwamba asubuhi ya baridi moteri inataka kupandishwa kidogo, na jua la Oktoba likija inataka kuteremshwa, na kwamba sikio likichoka unaweka kiganja juu ya kapo. Hapo ndipo utajiri wangu mdogo ulipoanza, katika kikombe kile cha bati. Na teksi haikufa tena Kenya. Lakini angalieni jambo hili, maana limenisumbua tangu nilipopata akili ya kikubwa. Ralanti mbaya ndiyo iliyokuwa inatuambia papa amesimama wapi. Mama mwenyewe, kwa mkono wake, aliiweka sawa. Kama papa aliendelea kwenda kwenye mlango ule wa bluu, basi teksi ilimngoja nje kimya kimya, vizuri sana, na hakuna kijana aliyeitwa kusukuma. Aliacha au hakuacha? Sijui. Mama alimwamini au alichoka kujua? Sijui. Papa alimpa turnevisi kwa aibu, kwa mapenzi, au kwa ujanja? Nimewauliza madereva, nimewauliza wanawake wenzangu, kila mmoja ananijibu upesi, na majibu yao hayafanani.

Kwa miaka mingi tuliisimulia habari hii kama habari ya werevu wa mama. Kwenye arusi, kwenye matanga, papa akiwa hai na hata alipokufa, watu walisema: mke wa fulani alimfunga mumewe kwa visi moja. Mimi mwenyewe nimewasimulia wajukuu wangu mara nyingi, nikiongeza chumvi panapohitaji. Juzi niliisimulia tena, mama akiwepo. Anaishi kwangu sasa, amezeeka, masikio yamemwacha lakini hutaka kukaa panapocheka watu. Mjukuu mmoja akamsogelea sikioni akamwambia kwa sauti, "Koko, ulikuwa mjanja sana, ulimzimia motokari ili bamukamate."

Mama akamwangalia kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. "Mi sikuzima motokari," akasema.

Tukacheka. Hakucheka. "Ilikuwa inazimika yenyewe. Mi nilikuwa nakaza. Kintu ikilegea, unakaza. Nilikaza, ikazimika, nikakaza tena." Alionyesha kwa vidole, akigeuza kisu kisichokuwepo, upande wa kukaza.

Nikamuuliza: na furushi? Ilibidi niulize mara ya pili, sikioni.

"Nilikuwa naenda Sakania," akasema, bila haya yoyote. "Lakini niende nimuachie motokari inakufa? Mungekula nini?"

Nilitoka nje nikasimama. Mimi ninajua karibirateri. Ina visi mbili, kubwa na ndogo. Ile kubwa ndiyo ya mwendo, na aliyetaka kuzima moteri angeilegeza hiyo, kama mama alivyomwona papa akifanya kila mara alipotaka kuipunguza. Ile ndogo ni ya kuchanganya petroli na hewa, na asiyejua akiikaza anadhani anaipa nguvu, kumbe anaikaba koo. Papa Mutombo alisema palepale, amekamata iyi ndogo. Nami niliisikia. Nimebeba maneno hayo maisha yangu yote bila kuyafungua. Na papa alisema wacha. Kwa hiyo papa alijua. Alijua, siku ileile, kwamba mkewe hakuwa anamtega, alikuwa anamtengenezea gari kabla ya kumwacha. Akanyamaza, akaacha watu wacheke miaka yote kwamba alikamatwa na mke mwerevu. Hivyo ndivyo visi inavyosema. Lakini mama ni mzee, ni mjane, na wajane hulainisha mambo ya marehemu. Pengine siku hizi anapenda zaidi kukumbukwa kama mke aliyetaka kumtengenezea. Moshi haufichiki, walisema, lakini moshi haukuambii nani aliwasha moto.

Wiki hii nimenunua basi jipya, jipya kwetu, limetoka ng'ambo na kilomita zake. Halina visi ya ralanti. Kijana wa gereji alichomeka kifaa chake chenye kioo, namba zikapita, akaniambia, "Mama, hapa hakuna ya kugusa, inajipanga yenyewe." Nilimwambia awashe. Mama alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti chake, akanyanyuka na fimbo, akaja, akaweka kiganja juu ya kapo. Aliagiza maji. Mjukuu akaleta kikombe, cha plastiki siku hizi, mama akakiweka juu ya moteri na tukainama wote, mimi, kijana wa gereji na watoto. Maji hayakutikisika hata kidogo. Yalikaa kama maji ya kisima.

"Mbona amezima?" mama akauliza.

"Haijazimika, mama. Inanguruma," nikamwambia sikioni.

Aliyatazama maji. Nilidhani atasifu. Akachukua kikombe, akayanywa, akanirudishia kitupu. "Sasa," akasema, "muntu akifika mahali, nani atajua?"

Kijana alicheka, akafunga kapo. Mimi nilibaki na kikombe mkononi, na sikujua anamsema papa na mlango ule wa bluu, au anajisema mwenyewe na kisu chake.